Kanisa Linapogawanyika kwa Rangi na Kabila: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua kwa Mkristo

Mgogoro wa kwanza wa asili na lugha ndani ya kanisa haukuzuka kwenye mafundisho. Ulizuka kwenye chakula. Matendo ya Mitume sura ya 6 inasema wajane wa Wayahudi wa Kiyunani "walisahauliwa katika huduma ya kila siku", ilhali wajane wa Waebrania walikuwa wakipata. Hatuambiwi kwamba kuna mtu aliyewatukana, wala kwamba kuna aliyewachukia. Walisahauliwa tu, na kila mara waliosahauliwa walikuwa wa upande uleule.

Tazama mitume walivyolishika jambo hilo. Hawakuwaambia wajane wavumilie. Hawakuitisha ibada ya umoja, wala hawakuwatafuta wachochezi wa manung'uniko. Waliwakutanisha wanafunzi wote, wakataka wachaguliwe watu saba, wakawakabidhi ugawaji wenyewe. Majina ya hao saba ni ya Kiyunani yote: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena na Nikolao, na huyu wa mwisho hakuwa hata Myahudi wa kuzaliwa. Dalili zote ni kwamba upawa ulihamia mikononi mwa upande uliokuwa ukilalamika.

Makanisa mengi yakikutana na ubaguzi hukimbilia hisia. Watu wanashikana mikono, wanaimba kwamba sisi sote tu wamoja, picha zinapigwa, kisha Jumatatu mambo yanarudi palepale. Sina ugomvi na nyimbo. Ila mwongozo huu unauliza swali la Matendo 6, yaani nani ameshika upawa, na unaanza na mambo ambayo Mkristo mmoja mmoja anaweza kuyafanya hata kama viongozi wake hawajaamka.

Hatua ya kwanza: liite jambo kwa jina lake

Ubaguzi una tabaka, na dawa ya tabaka moja haitibu jingine. Kuna dharau iliyo moyoni, ambayo mwenyewe huenda haijui. Kuna neno na tendo: utani, jina la kejeli, mtu kuhama kiti. Halafu kuna utaratibu, ambao hauhitaji mtu mwenye chuki ili uumize. Unahitaji tu watu wema wanaoendelea kufanya kama ilivyozoeleka. Wajane wa Yerusalemu waliumizwa na hili la tatu.

Wapo wanaosema ukabila ni kitu kingine kabisa, kwamba ubaguzi wa rangi ni wa Wazungu na Weusi tu. Historia haiwaungi mkono. Katika karne ya 19 wasafiri na watawala wa Ulaya walieneza dai kwamba Watutsi ni "Wahamu", watu wa damu ya juu waliotoka mbali, na Wahutu ni wa chini yao kwa maumbile. Miaka ya 1930 utawala wa Ubelgiji ukaandika Mhutu, Mtutsi au Mtwa kwenye kitambulisho cha kila mtu. Shule na makanisa ya misheni yalisaidia kueneza fikra hizo. Mwaka 1994, kwenye mauaji ya kimbari ya Rwanda, vitambulisho hivyohivyo vilikaguliwa kwenye vizuizi vya barabarani, na jina moja lililoandikwa humo lilitosha kumuua mtu. Fikra iliyozaliwa kama nadharia ya rangi iliuvaa ukabila ikaua. Kwa hiyo unaposoma hatua zinazofuata, tumia neno lolote linalolingana na mpasuko wa mahali pako.

Hatua ya pili: safisha mafundisho kabla ya kuhubiri upendo

Hapa usiwe na haraka. Ubaguzi ndani ya kanisa mara nyingi una mstari wa Biblia mfukoni, na mstari huo usipotolewa ukasomwa mchana kweupe, mahubiri ya upendo hayataugusa.

Anza na "laana ya Hamu". Kwa karne kadhaa watetezi wa utumwa walifundisha kwamba watu weusi ni uzao wa Hamu na kwamba wamelaaniwa wawe watumwa. Fungua Mwanzo 9:25 usome kwa sauti mbele ya kikundi chako. Aliyelaaniwa ni Kanaani, si Hamu. Kisha soma Mwanzo 10:6: Hamu alikuwa na wana wanne, Kushi, Misri, Putu na Kanaani. Kushi, ambaye jina lake katika Biblia ndilo linalohusishwa na nchi za kusini mwa Misri, hakuguswa na laana hiyo. Tena maneno yale yalisemwa na Nuhu alipolevuka. Mungu hakusema lolote hapo. Fundisho lililobeba meli za watumwa halina hata mguu wa kusimamia.

Halafu katazo la kuoa mataifa. Kumbukumbu la Torati 7 linatoa sababu yake waziwazi: watawageuza wana wenu waifuate miungu mingine. Ni suala la ibada, si la damu. Ndiyo maana Rahabu wa Yeriko na Ruthu Mmoabi wamo kwenye ukoo wa Yesu, Mathayo 1:5, na wametajwa kwa majina.

Ukitaka kuona Mungu anavyomjibu mtu anayedharau ndoa ya namna hiyo, soma Hesabu 12. Miriamu na Haruni walimsema Musa kwa ajili ya mke wake Mkushi. Miriamu akapigwa ukoma, mweupe kama theluji, na safari ya taifa zima ikasimama siku saba akiwa nje ya kambi. (Sura hii hupendwa sana na wahubiri wanaotaka viongozi wasisemwe. Ajabu ni kwamba mstari wa kwanza, ule wa mke Mkushi, huwa wanauruka.)

Mwisho, Waefeso 2:14, "akakibomoa kiambaza cha kati kilichotutenga". Kiambaza hicho kilikuwa na umbo la kuonekana. Mwaka 1871 liligunduliwa Yerusalemu bamba la jiwe lenye maandishi ya Kiyunani, onyo la hekaluni: mgeni yeyote atakayevuka kizuizi, kifo chake ni juu yake mwenyewe. Bamba hilo sasa liko kwenye jumba la makumbusho Istanbul. Rudi kwenye Matendo 21 uone kwa nini Paulo alikamatwa: alisingiziwa kumwingiza ndani ya hekalu mtu mmoja wa Mataifa, Trofimo, na Trofimo alikuwa Mwefeso. Barua kwa Waefeso imeandikwa na mfungwa. Anaposema ukuta umebomolewa, anasema mtu ambaye ukuta huo ulimfunga minyororo.

Hatua ya tatu: jipime

Hii ni fupi, lakini usiiruke. Chukua simu yako uangalie watu kumi wa mwisho uliowasiliana nao kwa hiari, si kwa kazi. Fikiria nani wamekula mezani kwako mwaka huu. Nani ungemwachia mtoto wako alale kwake? Ukisikia wizi umetokea, akilini mwako inakuja sura ya nani? Usijihukumu kwa jibu la kwanza wala usijitetee. Andika tu. Kinachokuja bila kuitwa ndicho kinachofundisha.

Na kama wewe mwenyewe ni wa kundi linalobaguliwa, bado kipimo kinakuhusu. Aliyedharauliwa na wa juu yake hukosi kumwona akimdharau wa chini yake, na weusi wa ngozi hubaguana kwa weupe wa ngozi. Hilo halipunguzi uovu uliotendewa.

Hatua ya nne: sikiliza, na ujue namna ya kusikiliza

Tuseme dada mmoja wa kwaya amekaa mbele yako. Anasema: "Huu mwaka wa tatu. Kila tukisafiri, mimi ndiye ninayeulizwa mbele ya watu kama nimelipa. Wenzangu hawaulizwi. Mara ya mwisho mkoba wa mtu ulipotea, mweka hazina akanitazama mimi kabla hajamtazama mtu yeyote. Ulipatikana chini ya kiti. Hakuna aliyeniambia pole." Amesema hivyo akiangalia mikono yake. Ametumia wiki nzima akijiuliza aseme au anyamaze.

Sekunde chache zinazofuata ndizo zitakazoamua kama atasema tena maishani. Yapo majibu yanayoua mazungumzo papo hapo, na yote yana sauti ya upole. "Una uhakika alimaanisha hivyo?" Hapo umemgeuza shahidi kuwa mshtakiwa. "Hata sisi tulipitia." Umemnyang'anya kiti ukakikalia. "Tumwachie Mungu." Umemtaja Mungu ili wewe upate kuondoka. "Yule mzee namfahamu, hana roho hiyo." Umeshatoa hukumu kabla ya kesi. Baya kuliko yote ni kumkemea kwa kukosa msamaha wakati hajapewa hata nafasi ya kumaliza sentensi.

Sema pole. Kisha uliza mambo matatu tu, kwa utaratibu: nini kilitokea, nani wengine walikuwepo, na angependa wewe ufanye nini. Swali la tatu ndilo husahaulika. Pengine anataka usimame naye mbele ya wazee. Pengine anataka tu mtu ajue. Pengine anaogopa na anataka usiseme kabisa kwa sasa. Usiamue kwa niaba yake.

Kama amekuruhusu kuandika, andika tarehe, mahali na maneno yaliyosemwa, maana malalamiko yasiyoandikwa hupigwa danadana mpaka mwenyewe achoke. Mpe siku utakayomrudia, na siku hiyo umrudie hata kama huna jipya. Usiende kumsimulia "kwa ajili ya maombi". Kisa cha mtu kikishazunguka kwenye vikundi vitatu vya maombi kimekuwa umbea wenye Amina.

Jambo moja zaidi. Usimfanye mtu huyo kuwa mwalimu wa kanisa zima kuhusu ubaguzi, leo ashuhudie kwa vijana, kesho kwa akina mama, kila mara akilifungua kidonda. Soma mwenyewe, uliza wengi, ubebe sehemu yako.

Hatua ya tano: kemea, mahali panapostahili

Petro alilijua somo. Ndiye aliyesema nyumbani kwa Kornelio, "Hakika natambua ya kuwa Mungu hana upendeleo". Kisha akafika Antiokia. Alikuwa akila na watu wa Mataifa bila tatizo mpaka walipokuja wageni kutoka kwa Yakobo. Wagalatia 2 inasema "akarudi nyuma akajitenga". Hatusikii kwamba alitamka neno baya. Alihama meza. Wayahudi wengine wakamfuata, hata Barnaba, yule mtu mpole aliyemtafuta Paulo alipokuwa hatakiwi na yeyote. Kilichomwendesha Petro hakikuwa chuki. Maandiko yanasema ilikuwa hofu: aliwaogopa wa kwao. Naamini ubaguzi mwingi wa Wakristo wastaarabu ni wa namna hii hasa, kwamba mtu anajua ukweli ila anaogopa wajomba zake watasemaje.

Paulo alimkabili "mbele ya wote". Hapa watu huuliza: na Mathayo 18, ile ya kwenda kwa ndugu yako mkiwa wawili tu? Zote mbili zina mahali pake. Kosa la siri kati yako na mtu, anza faraghani. Kosa lililofanyika hadharani na kuwavuta wengine lina waathirika waliokuwa wakitazama, nao wanahitaji kusikia likikemewa. Wale wa Mataifa waliobaki mezani Antiokia na sahani zao walistahili kusikia kwa masikio yao.

Kwa utani, njia rahisi ni kukataa kucheka, kisha kuuliza kwa utulivu: "Hebu nieleze, hapo cha kuchekesha ni kipi?" Mtani atalazimika kuitamka dharau iliyokuwa imejificha, na mara nyingi hataweza. Kwa mzee unayemheshimu, heshima haiwi sababu ya kunyamaza. Inabadilisha namna tu. "Shikamoo baba. Lile neno ulilosema jana kuhusu wale wageni limenikaa vibaya. Naomba tuzungumze." Kwa ujumbe wa chuki kwenye kundi la familia la WhatsApp, mfuate mtumaji pembeni, lakini pia andika mstari mmoja palepale kwenye kundi: "Habari hii si ya kweli na inawadhalilisha watu." Usibishane sana. Mstari huo si kwa ajili ya mtumaji, ni kwa ajili ya wanaosoma kimya.

Kama wewe ndiye unayebaguliwa

Samehe kwa wakati wako na kwa neema uliyopewa, lakini usikubali kufundishwa kwamba kusamehe ni kufuta ushahidi. Paulo alipopigwa Filipi bila kuhukumiwa, ilhali ni raia wa Rumi, alikataa kutoka gerezani kimyakimya. Alitaka wakuu waje wenyewe kumtoa (Matendo 16). Unaweza kusamehe na bado ukaandika barua ya malalamiko. Kama kuna sheria iliyovunjwa, kazini, shuleni au kwenye nyumba ya kupanga, kufuata sheria si kukosa imani.

Na unaweza kuondoka. Mwishoni mwa karne ya 18, katika kanisa la Kimethodisti la St. George's huko Philadelphia, wasimamizi walimwinua Absalom Jones kwa nguvu akiwa amepiga magoti, kwa sababu sehemu ile haikuwa ya Weusi. Aliomba waache sala imalizike. Hawakumwacha. Sala ilipoisha, waumini Weusi, akiwemo Richard Allen, walitoka wote pamoja. Mwaka 1794 Allen alikuwa na kanisa la Bethel, na mwaka 1816 likazaliwa dhehebu la African Methodist Episcopal. Wapo mpaka leo wanaoita hatua kama hiyo kuligawa kanisa. Mimi nasema aliyeligawa ni yule aliyemkamata mtu mkono akiwa anaomba.

Hatua ya sita: likague kanisa lenu

Sasa turudi kwenye upawa. Kaeni watu wachache, wa pande zote, mkiwa na daftari. Hesabuni waumini kwa makadirio, kwa rangi, kabila au lugha kulingana na mpasuko wenu. Kisha chukueni nafasi moja moja. Nani ni wazee wa kanisa? Nani wanatia saini benki? Nani huhesabu sadaka? Nani amehubiri miezi sita iliyopita? Halafu nendeni upande wa pili wa orodha: nani hufagia, nani hupika kwenye semina, nani hupanga viti? Nani akifiwa kanisa hufika na basi zima, na nani akifiwa hutumwa wajumbe wawili? Wageni wakiingia, nani huonyeshwa kiti cha mbele? Yakobo sura ya 2 ilishauliza swali hilo la viti, na lilikuwa la watu wa kanisani.

Mkimaliza, wekeni namba hizo mbele ya baraza bila kumtaja mtu kwa ubaya. Mtasikia, "Hapa kwetu hatuna ubaguzi, nafasi ziko wazi kwa wote." Jibuni kwa upole kwamba na Yerusalemu hakuna aliyewafungia wajane mlango. Kisha pendekezeni jambo moja linalopimika, na lenye madaraka ndani yake: mtia saini wa pili, kamati ya misaada, zamu ya mimbari. Msikubali kupewa mtu mmoja wa kukaa mbele kwa ajili ya picha. Anayepewa kiti bila kura amepewa kiti tu.

Kuna hatari ya kutoa nafasi ndogo kwa udhaifu, na historia ina mfano unaopaswa kufundishwa kila chuo cha wachungaji. Mwaka 1829 sinodi ya Kanisa la Kireformati la Kiholanzi huko Cape, Afrika Kusini, iliamua kwamba Meza ya Bwana itolewe kwa wote bila kujali rangi. Uamuzi mzuri. Lakini baadhi ya Wazungu hawakutaka kushiriki kikombe na Weusi, na mwaka 1857 sinodi ikakubali ibada tofauti "kwa sababu ya udhaifu wa baadhi". Sinodi yenyewe ilikiri kwamba kuwa pamoja ndiko kunakopatana na Maandiko. Ilitaka tu kuepusha maneno. Mwaka 1881 likaundwa kanisa tofauti la waumini walioitwa "Coloured", yaani watu wa asili mchanganyiko. Kilichoanza kama huruma kwa wanyonge wa imani kikawa desturi, desturi ikawa fundisho, na serikali ya mwaka 1948 ilipoleta sera ya ubaguzi ilikuta wanateolojia wameshatengeneza hoja. Ilichukua mpaka 1982 kwa kanisa hilohilo lililotengwa kuandika Ungamo la Belhar, lililopitishwa rasmi mwaka 1986, kukataa fundisho lolote linalohalalisha utengano kwa jina la Injili. Miaka 125 tangu "udhaifu wa baadhi".

Kwa hiyo kiongozi akisema "tuwape muda, hawajazoea", muulize muda huo unaisha lini, na anayelipa gharama ya kusubiri ni nani.

Hili lisiwafanye mkakataa kila ibada ya lugha tofauti. Bibi anayeelewa lugha moja tu anastahili kusikia Neno kwa lugha hiyo. Pima hivi: mlango uko wazi pande zote mbili? Mnakutana kwenye Meza moja? Fedha zinaamuliwa pamoja? Kundi dogo lina sauti kwenye baraza? Kama majibu ni hapana, hiyo si huduma ya lugha tena.

Hatua ya saba: toba yenye mkono

Zakayo hakusema tu samahani. Alitaja kiwango: nusu ya mali kwa maskini, na mara nne kwa kila aliyemdhulumu. Toba ya makanisa huwa nzito kwenye maneno na nyepesi hapo. Southern Baptist Convention ya Marekani iliundwa mwaka 1845 kwa sababu ya kutetea wenye watumwa. Ilikiri na kuomba radhi mwaka 1995, miaka 150 baadaye. Shirika moja la misheni la Kanisa la Uingereza liliendesha mashamba ya Codrington huko Barbados kuanzia karne ya 18, na watumwa wake walichomwa chapa ya neno "Society" kifuani. Utumwa ulipofutwa, serikali ya Uingereza ililipa fidia. Shirika lilipata zaidi ya pauni 8,800. Watumwa hawakupata kitu. Sinodi Kuu iliomba radhi mwaka 2006, na mwaka 2023 wasimamizi wa mali za kanisa hilo wakatangaza mfuko wa pauni milioni 100.

Kwenu yawezekana si mashamba. Yawezekana ni kiwanja kilichochukuliwa, ajira ya shule ya kanisa iliyopewa wa upande mmoja, au muumini aliyetengwa kwa kosa ambalo wengine walisamehewa. Fuateni utaratibu huu: tajeni kosa kwa jina na tarehe, semeni nani alilifanya, hata kama amekufa, msiweke neno "kama" (kama kuna aliyeumia, tunaomba radhi), kwa sababu hilo "kama" linaifuta toba yote, waulizeni waliodhulumiwa marekebisho yawe yapi, andikeni kiasi na muda. Yatangazwe palepale kosa lilipofanyikia.

Hatua ya nane: nyumbani, hasa kwenye ndoa

Mtu anaweza kukaa miaka thelathini kanisani akiimba umoja, kisha binti yake akaleta mchumba. Hapo ndipo moyo hufunguka. "Sina ubaguzi, ila nafikiria watoto watakaozaliwa." "Mila zetu haziendani." Tofauti za mila na lugha ni kweli na vijana wapaswa kuzizungumza kabla ya posa: nani atatunza wazazi, watoto watasema lugha gani, sikukuu zitakuwa wapi. Lakini jaribu kitu kimoja, mzazi. Chukua kila pingamizi ulilo nalo, ujiulize kama ungelitoa kwa mchumba wa rangi au kabila lako mwenye tabia ileile. Linalobaki baada ya hapo lijadili. Linaloanguka, litubu, na usilipeleke kwa mchungaji likiwa limevaa nguo za "maono".

Watoto nao husoma nyuso zetu kuliko maneno. Wakiuliza kwa nini fulani ana ngozi ya namna ile, wajibu kawaida, kwa sauti ya kawaida. Kuwanyamazisha kunawafundisha kwamba kuna aibu.

Hatua ya tisa: jiandaeni kabla ya moto

Siku ya ghasia hakuna anayejifunza ujasiri. Tarehe 30 Aprili 1997 wapiganaji waliingia seminari ndogo ya Buta, Burundi, wakawaamuru wanafunzi watengane, Wahutu huku na Watutsi kule. Wakakataa. Arobaini waliuawa. Wiki chache kabla, Machi 18, wanafunzi wa sekondari ya Nyange nchini Rwanda walipewa amri ileile, wakajibu kwamba wao ni Wanyarwanda, na baadhi yao wakauawa. Nyange hiyohiyo, mwaka 1994, kanisa la parokia liliangushwa kwa buldoza likiwa na watu waliokimbilia humo, na padre wake, Athanase Seromba, alihukumiwa baadaye na mahakama ya kimataifa kwa mauaji ya kimbari. Mahali pamoja, miaka mitatu tu katikati. Kuwa Wakristo hakukutosha kuwatofautisha hao na wale.

Kwa hiyo pangeni mapema, wakati wa utulivu, hasa kabla ya uchaguzi au kesi inayogawa watu. Kubalianeni kwamba hakuna mgombea atakayepewa mimbari. Chagueni watu wawili wa pande mbili wa kuhakiki uvumi kabla haujasambazwa, na kila muumini awe na namba zao. Wekeni wenzi wa kuitana: familia ya upande huu na ya upande ule, kila moja ikijua nyumba ya mwenzake na itampokeaje usiku. Amueni nani hushika funguo za jengo, na kwamba likifunguliwa kwa wanaokimbia hakuna atakayeulizwa asili yake mlangoni. Mchungaji aseme waziwazi, kabla ya siku hiyo, kwamba hatatoa orodha ya waumini kwa mtu yeyote. Orodha zenyewe, kama zina safu ya kabila, ifuteni safu hiyo wiki hii.